Mkono Ulioachwa Nje ya Picha

Wiki jana niliwaacha nimesimama kama mwizi mbele ya ofisi za lile gazeti lililomtoa mdogo wangu ukurasa wa mbele. Wengine mmeniandikia kuniuliza mtu mzima mimi naogopaje kusukuma mlango wa kioo. Basi leo nausukuma. Na kabla hamjaenda kulichoma moto, si gazeti hili mnalolisoma, ni jingine.

Kwa aliyenidaka njiani, nimweleze kidogo asiachwe.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Mdogo wangu wa mwisho, kitindamimba wa mama, ambaye sote tunamwita Kitinda, alikuwa fundi mbao kwenye ghorofa lililokuwa linajengwa. Kazi yake ni kupigilia zile mbao ambazo zege linamwagwa ndani yake. Ghorofa likaanguka asubuhi, na mafundi wakiwa humo humo.

Watu wa uokoaji walikuwa na utaratibu wao. Kila familia ilipewa kijiti, ikafunga juu yake kitambaa cha nguo ya mtu wao, ikakichomeka pale ilipodhani amefukiwa. Wachimbaji wakawa wanafuata vijiti. Lakini binadamu ni binadamu, watu wakaanza kuchomoleana vijiti ili wa kwao atangulie. Mkuu wa uokoaji akapiga marufuku: aliyechomeka ndiye achomoe, na aliyechomoa ndiye peke yake anayeweza kuchomeka tena.

Mama alichomeka cha Kitinda upande wa ngazi za nyuma. Kitambaa nilikikata mimi, kwenye shati nililomshonea kwa mkono wangu.

Kisha picha ikatoka. Mtu amelazwa juu ya mlango uliong'olewa, amebebwa na wanaume wanne, mwili wote umepakwa vumbi la zege. Macho tu ndiyo yaliyobaki na rangi, na yanakutazama wewe uliyeshika gazeti. Juu yake wameandika kwa herufi kubwa: AMETOKA HAI.

Mama alipoiona akaliita jina la Kitinda mpaka majirani wakatoka nje. Akaenda mbio kwenye kifusi, akachomoa kijiti kwa vigelegele, na watu ambao hata hawatujui wakalia naye kwa furaha. Wachimbaji wakahamia upande mwingine.

Tangu hapo tumemaliza hospitali zote, na Kitinda hayumo hata moja. Mama anasema amepelekwa mbali kwa madaktari wakubwa. Na siku ninayowasimulia leo, mkuu alikuwa ametangaza kwamba ikifika adhuhuri tingatinga zinaingia kusawazisha kifusi, kwa kuwa kila kijiti kimeshapata mtu wake.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka mpiga picha aniambie ni gari gani lililomchukua mdogo wangu.

Haya, nikausukuma.

Kumbe wameikuza ile picha. Ilikuwa imejaa ukuta mzima wa mapokezi, kutoka sakafuni mpaka darini, na mbele yake wamesimama watu wanalia. Mzee mmoja ameshika kofia kifuani. Mama mmoja na binti yake wameshikana mikono. Niliona wivu, sisemi uongo. Wananililia ndugu yangu bila hata kuniuliza.

Dada wa mapokezi akanisogezea kitambaa cha karatasi kabla sijafungua mdomo.

"Chukua tu, dada. Hata sisi bado tunalia."

"Sikuja kulia. Nimemfuata aliyeipiga."

"Flashi? Siku hizi haonani na watu."

"Mwambie ni dada wa huyo aliyelala ukutani."

Akaniangalia, akaiangalia picha, akashika mdomo. Akanipeleka mwenyewe.

Flashi nilimtarajia mtu wa maringo, mwenye picha inayoliza nchi nzima. Nikakuta bwana mmoja mwembamba, fulana imejaa mifuko, macho mekundu, amekaa kwenye chumba kidogo na kamera yake ameilaza kifudifudi mezani.

"Kaka, shikamoo sikupi, tuko rika moja," nikamwambia. "Nataka kujua gari lililomchukua mdogo wangu lilielekea wapi. Basi. Nikishajua naondoka."

Akavuta kiti.

"Kaa kwanza, dada."

"Sikuja kukaa."

"Mdogo wako ana alama gani?"

"Alama ya nini tena? Macho yale ni ya marehemu baba yetu. Mama ameyatambua."

Akacheka, lakini kile kicheko cha mtu anayeumwa na jino.

"Kila anayekuja anasema macho. Mmoja alisema macho ya mume wake. Mwingine akasema kinywa cha mwanawe. Alikuja babu mmoja akamwona mjukuu wake, akaapa kabisa, na mjukuu mwenyewe ni msichana. Dada, mtu akishapakwa vumbi lile anakuwa wa kila mtu. Nipe alama ya mwilini."

Nikakaa.

"Mkono wa kushoto. Vidole viwili vya mwisho viliondoka na msumeno wa umeme, akiwa bado anajifunza kazi."

Flashi akafumba macho kidogo. Kisha akaigeuza kompyuta yake nikaiona picha. Ilikuwa ile ile, lakini ilikuwa na vitu vingi zaidi. Kulikuwa na ndoo, kulikuwa na mtu wa nyuma anayejifuta jasho. Na mkono wa kushoto wa yule mtu ulikuwa unaning'inia nje ya mlango, umefunguka.

"Gazetini tulikata hapa," akasema, akiweka kidole kwenye bega. "Mpanga kurasa alisema mkono unakula nafasi ya kichwa cha habari."

Nilihesabu vile vidole kama mtoto wa chekechea. Vitano. Nikaanza upya kutoka upande wa pili, labda nikianzia kidole gumba vitapungua. Vitano.

Jamani, sijawahi kuichukia afya ya mkono wa mtu kama siku ile.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Fundi mpaka rangi. Alikuwa anasubiri sakafu ikauke aanze kazi."

"Yuko wapi?"

"Alikata roho garini, hata barabara kuu hatujaifikia. Nilikuwa nimemshika miguu." Akaitazama mikono yake. "Picha nilikuwa nimeshaituma tangu anabebwa. Nilipopiga simu ofisini kuwaambia, ukurasa ulikuwa umeshakwenda mitamboni."

"Na kesho yake? Kesho yake hamkuwa na karatasi?"

"Kesho yake watu walipanga foleni kutoa damu. Wenye sururu zao walimiminika, wengine walikuwa bado wameshika gazeti. Walichimba mpaka wakawatoa watu wengine wakiwa hai, dada, na ni picha hii iliyowaleta pale. Mhariri akaniuliza, sasa hawa unataka kuwaambia nini?"

"Na mimi ungeniambia nini?"

"Sikujua kama upo."

Nilimzaba kibao. Hakujikinga, wala hakushika shavu. Alikaa vile vile, kama mtu aliyekuwa anakisubiri siku zote na sasa kimefika.

"Mke wa mpaka rangi huwa ananipigia simu," akasema. "Hanitukani. Anataka tukishaichoka ile kubwa ya ukutani tumpe yeye."

Hapo ndipo akili ikanirudia. Kama mtu wa kwenye mlango ni mpaka rangi, basi Kitinda hakutoka. Kama hakutoka, yuko pale pale kwenye ngazi za nyuma, na hana kijiti. Na adhuhuri tingatinga zinaingia.

Simdanganyi mtu, sikuwaza kumkuta mzima. Siku zilikuwa zimepita nyingi mno. Nilitaka nimtoe kwa mikono ya watu, nimwoshe vumbi, nimvishe shati. Nisimwache azolewe na chuma pamoja na nondo na matofali akamwagwe shimoni kama taka. Hicho ndicho nilichobaki nacho cha kumfanyia.

"Nitolee hiyo picha," nikasema. "Na mkono wake."

Akaitoa kwenye karatasi kubwa, bado ina joto. Akachukua na kamera, nadhani kwa mazoea tu, kama mimi nisivyotoka nyumbani bila sindano.

"Nakwenda nawe," akasema.

Sikumkatalia. Nilihitaji mtu wa kunishika nikianguka, hata akiwa yeye.

Nyumbani tulimkuta mama anaanika shuka za Kitinda. Shuka zile amezifua mara nyingi tangu picha itoke, mpaka maua yake yameanza kuchuja. Alikuwa anaimba.

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno. Nimweke chini, nimshike mkono, nimwambie taratibu. Nilipomwona na vibanio mkononi, maneno yote yakanikimbia.

"Mama, vaa viatu. Twende kwenye jengo."

"Kufanya nini? Sisi hatuna mtu kule."

"Mkuu anakuita."

Uongo wangu wa kwanza siku ile, na ulipita kooni kama maji. Mama akaingia ndani, akatoka na lile gazeti lake amelifunga kwenye mfuko wa plastiki. Hatoki bila hilo. Ndipo akamwona Flashi.

"Na huyu baba?"

Kabla sijatunga uongo wa pili, Flashi akajisemea mwenyewe.

"Mimi ndiye niliyepiga picha, mama."

Laiti angejua. Mama alidondosha vibanio, akamshika mikono yote miwili, akaibusu, akaiweka kwenye paji la uso wake. Akamwombea uzima, akamwombea watoto, akaiombea mikono ile isipatwe na ganzi wala maradhi. Flashi alikuwa amesimama kama anachapwa viboko hadharani.

"Mama, nataka nikwambie kitu…"

"Utaniambia, baba, utaniambia yote. Kwanza nijibu. Pale juu ya mlango, alisema nini?"

Flashi akanitazama. Mimi nikatazama shuka.

"Aliomba maji," akasema.

"Mkampa?"

"Tulimpa, mama."

Mama akacheka, akapiga makofi. "Kitinda na maji! Tangu mdogo! Chakula anaweza kukaa bila, lakini maji!" Akanigeukia. "Unasikia? Walimpa maji mwanangu."

Niliwahi kumwona mama yangu akilia kwa mume, akilia kwa njaa, akilia kwa meno. Sijawahi kumwona mzuri kama alivyokuwa dakika ile. Na mimi ndiye niliyekuwa nimebeba karatasi ya kumwua, nimeikunja chini ya kwapa.

Tukaondoka kwa miguu, maana si mbali. Yeye mbele, sisi nyuma kama watoto waliofumaniwa.

"Mwambie wewe," Flashi akaninong'oneza.

"Wewe ndiye uliyemtoa hai."

"Ni mama yako."

"Na picha ni yako. Kila mtu abebe cha kwake."

Tulibishana hivyo mpaka tukafika, na hakuna aliyesema.

Mkuu wa uokoaji alikuwa mtu mfupi, sauti imemkauka kwa kupiga kelele. Ofisi yake ilikuwa banda la mabati. Ukutani amebandika ile picha, imekatwa gazetini kwa mkasi, pembe zimejikunja. Nje tingatinga mbili zilikuwa zimeegeshwa zikitazama kifusi, dereva mmoja anakunywa chai juu ya mnyororo wa gurudumu. Kifusi kilikuwa uchi. Hapakuwa na kijiti hata kimoja.

"Aa, mama wa picha!" mkuu akasimama. "Amepatikana?"

"Si wewe uliyeniita?" mama akasema.

Wote wawili wakanigeukia.

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikaikunjua karatasi, nikaiweka juu ya meza, nikasema kila kitu kwa pumzi moja. Mpaka rangi. Gari. Mkono. Vidole. Nilisema haraka kama mtu anayebandua plasta kwenye kidonda, nikidhani ukienda haraka haiumi.

Mkuu aliitazama karatasi, akaitazama ile ya ukutani. Akavua kofia.

"Mimi picha hii ndiyo inayoniamsha," akasema. "Asubuhi nikichoka naitazama, najiambia walau huyu alitoka. Na vijana wangu pia." Akamtazama Flashi kwa jicho ambalo sikulipenda. "Ni kweli?"

"Ni kweli, mkuu."

Mkuu akafungua mlango, akampigia dereva kelele asubiri. Akarudi na kijiti kipya, akakiweka mezani mbele ya mama.

"Mama, nakuomba. Sheria naijua ni ngumu, lakini nikiivunja kwako kesho nitavunjiwa kichwa. Na uzoaji wa kifusi umeshaidhinishwa, wakubwa wanataka eneo leo. Wewe uliyechomoa ukisema mwanao bado yumo, ukachomeka, nazuia mashine mbele ya yeyote. Vijana wangu wataingia kwa majembe. Usiposema, mimi sina mtu wa kumtafuta."

Mama hakugusa kijiti. Aliivuta karatasi karibu na macho. Akaitazama picha muda mrefu, akapitisha kidole juu ya uso wa yule mtu, akashuka naye begani, akashuka mkononi, akafika kwenye vidole. Nilimwona anahesabu. Midomo ilikuwa inacheza.

"Ni mwanangu huyu," akasema.

"Mama! Hesabu tena. Ni vitano."

"Basi Mungu amemrudishia."

Flashi akageuka akashika ukuta. Mkuu alikuwa anaichezea kofia yake, hajui aivae au aiache.

"Mama yangu," akasema kwa upole, "fikiri. Nitakupa muda. Dereva amalizie chai yake."

Nikamshika mama mkono nikamtoa nje, nyuma ya banda, tukabaki wawili. Nilikuwa na hasira, na hasira ile nilikuwa nayo kwa kila mtu, kuanzia kwa Kitinda aliyekwenda kazini siku ile.

"Mama, mimi pia nilitaka awe yeye. Lakini akizolewa na zile mashine hatutakuwa na hata kaburi. Chomeka kijiti. Ni hicho tu. Ukishachomeka ulie, unipige, ufanye utakalo."

Hakulia. Uso wake ulikuwa mkavu, na furaha yote ya asubuhi ilikuwa imeondoka. Ndipo nilipojua kwamba mama si mjinga, na hajawahi kuwa mjinga hata siku moja.

"Siku ile nachomoa," akasema polepole, "nilisikia kitu."

"Kitu gani?"

"Chini ya ngazi. Ko, ko, ko. Kinanyamaza, kinaanza tena. Kijana mmoja wa sururu akasema, mama, subiri, kuna mtu anagonga. Mimi nilikuwa na gazeti mkononi. Nina furaha, watu wananishangilia. Nikamwambia, nendeni mkawatafute wenzenu, hapo wa kwetu ametoka, hilo ni bomba linadondosha maji. Wakanisikiliza. Ningekuwa nani wasinisikilize? Nilikuwa mama wa aliyepona."

Akanishika kidevu, kama alivyokuwa akinishika nikiwa mdogo nimekataa kula.

"Sasa wewe unaniambia aliyekuwa juu ya mlango si mwanangu. Haya. Aliyekuwa anagonga ni nani?"

Wasomaji wangu, mimi ni mtu wa maneno. Mnanijua. Wateja huwa wanaondoka dukani kwangu vichwa vinawauma. Lakini hapo nilitafuta neno moja la kumpa mama yangu, hata la uongo, nikalikosa.

Nikamwacha pale, nikakimbilia kwa mkuu.

"Alikuwa anagonga!" nikapiga kelele. "Mkuu, siku ile ya kijiti kulikuwa na mtu anagonga, upande wa ngazi, vijana wako walimsikia!"

Rangi ikamtoka mkuu. Akachungulia nyuma yangu, ambako mama alikuwa anakuja taratibu, anajifunga kanga vizuri kiunoni.

"Mama? Ni kweli maneno haya?"

"Lilikuwa bomba," mama akasema. "Huyu binti yangu amechanganyikiwa na msiba wa watu, hajalala. Mwanangu alitoka, alipewa maji, ninyi nyote mmemwona. Washeni mashine zenu mtu aende nyumbani. Nimeacha shuka kwenye kamba."

Mkuu alimtazama, akanitazama. Akakishika kile kijiti, akakirudisha mezani. Alikuwa anangoja mmoja wetu ampe ruhusa ya kuwa mtu mwema, na aliyekuwa na ruhusa hiyo alikuwa amemgeuzia mgongo. Akainua mkono kumpa dereva ishara.

Nilikipanda kile kifusi kwa viganja na magoti. Nondo ikanichana sketi, sikujali. Nikafika upande wa ngazi za nyuma, nikakaa chini juu ya zege. Nikaweka sikio. Kimya. Nikagonga kwa jiwe. Kimya.

Tingatinga ikaunguruma, moshi mweusi ukapanda.

"Dada, shuka!" mkuu akapiga kelele. "Nitatuma watu!"

Chini pale nikamwona Flashi amesimama na kamera shingoni. Na hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho tangu asubuhi nilikuwa nakichukia. Mdomo wangu hauwezi kukizuia chuma kile. Sheria ni ya mkuu, na neno ni la mama. Lakini picha moja ya mwanamke aliyekaa juu ya nduguye, chuma kikimkaribia, kesho asubuhi ingeleta watu wenye sururu kutoka kila upande. Nimewaona jinsi wanavyolia.

"Flashi!" nikamwita. "Piga!"

Hakusogea.

"Piga, wewe! Umemliza kila mtu kwa asiye wangu, nisaidie na wangu! Piga!"

Akainyanyua kamera mpaka machoni. Nikakaa wima, nikaitazama moja kwa moja, kama yule mpaka rangi alivyowatazama ninyi. Nikangoja.

Mama akamwendea. Hakumkemea. Aliweka tu mkono wake juu ya mkono wa Flashi, ule ule aliokuwa ameubusu nyumbani, akamwambia kitu ambacho sikukisikia kwa kelele za mashine.

Flashi akaishusha kamera. Akaifunga kifuniko.

Wanaume wawili wakaanza kupanda kunifuata, na tingatinga ikaingia.